Mchi wa Mama Kwenye Spika

Mama aliahidi kwamba Jumamosi ile hatatwanga. Aliahidi huku mchi uko mkononi, jambo ambalo halikunitia moyo hata kidogo.

"Mchana mzima, Mama," nikarudia. "Siyo 'namalizia kidogo tu'. Mchana mzima."

"Ego, mwana wanje. Ndiyo, nimesikia. Mimi si kiziwi."

Nikainama haraka, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Naitwa Aline Ndayikunda. Babu yangu alitoka Burundi na godoro kichwani, sisi tukazaliwa upande huu, tukawa Watanzania, tukalima Rungwe Mpya mpaka Mama alipoamua kuhamia Kasulu mjini. Nikiwa mtoto niliugua kifua kikuu. Vidonge vilishindwa, nikaandikiwa sindano, na kwa miezi mingi Mama alinibeba mgongoni kila asubuhi hadi zahanati, nami nikiwa mkubwa wa kutosha kuona aibu ya kubebwa. Sindano ziliniponya. Kisha zikaondoka na sauti zote nyembamba: nyenje, vifaranga, filimbi ya refa, simu inayoita chumba cha pili. Sauti nzito zilibaki. Lori nalisikia, ngoma naisikia, mwanaume akiongea namsikia bila shida. Wanawake wengi nawatazama midomo.

Mama hajui. Mgeni yeyote akikaa kwetu, kabla chai haijapoa atasimuliwa habari za sindano zile. "Huyu nilimnyang'anya kifo mkononi," Mama husema, na macho yake huwa yanang'aa. Sasa mtu unaanzia wapi kumharibia? Sauti yake yenyewe ni nyembamba kuliko za wanawake wote wa kwaya yake, na akiniita kutoka uani nisipogeuka, husema nina kiburi cha watu wa ofisini. Nimekubali kuwa na kiburi. Kiburi kinabebeka.

Ofisi yenyewe ni steshenari ya Bazilio karibu na stendi, ambako nachapa barua na kutoa kopi. Bazilio huniachia laptopu ya dukani wikiendi akidhani najifunza uhasibu. Najifunza kurusha ndege. Ni programu ya kuigiza urubani, ya mtandaoni: milima iko mahali pake, mawingu ni yale yale ya siku hiyo, marubani wengine unawaona wakipita, na kuna waongoza ndege wa kujitolea wanaokupa maelekezo kwa sauti. Klabu yetu inaitwa Anga ya Maziwa. Ina watu kutoka Bukoba, Mwanza, Bujumbura, na mimi peke yangu kutoka Kasulu.

Mwaka huu chuo kimoja cha Dar es Salaam kiliipa klabu nafasi moja ya bure ya kusomea upangaji wa safari za ndege. Ni kazi ya ardhini, ya kuamua ndege ipite wapi na ibebe mafuta kiasi gani. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa nikiota nachelewa kazini huko. Baada ya mchujo nilibaki mimi, na ukabaki mtihani mmoja wa kuruka mbele ya mkaguzi. Nikianguka, nafasi inarudi chuoni. Lakini sharti la mwisho la tangazo ndilo lililonikosesha usingizi. Mwombaji awe anasikia milio yote ya tahadhari.

Na milio yote ya programu ile ni myembamba. Walioitengeneza walidhani kila mtu ana masikio kama yao.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kwanza niliongeza sauti mpaka mwisho. Mama akaja mlangoni ameziba masikio kwa viganja, mimi sijasikia kitu. Nikajaribu kuushusha mlio uwe mzito, ukafanana mno na mngurumo wa injini. Ndipo nilipogundua kwamba unaweza kubadilisha mafaili yenyewe ya sauti. Unaweka la kwako, unalipa jina la lile la zamani, na ndege haijui tofauti.

Kwa ujumbe wa mwongoza ndege nikaweka mlio wa dumu tupu linalopigwa ngumi. Onyo la mlima alinirekodia Rigobert, Mkongomani anayetengeneza redio katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kuimba besi katika kwaya ya huko. Alinitumia kwa simu, na maneno yake juu:

"Bon, dada Aline, ile sauti niko natuma sasa. Nimeshuka chini kabisa, hata pasta alishituka. Ukigonga mulima, si kosa yangu tena."

Ukifungua, dume zima linanguruma: "Panda! Panda!" Nilicheka peke yangu, halafu nikalisikiliza tena na tena kwa furaha ya kulisikia.

Likabaki onyo kubwa kuliko yote, la mwendo kupungua. Ndege ikienda polepole mno, mbawa hushindwa kuibeba, ikadondoka. Onyo hilo likilia hakuna kufikiri. Unasukuma usukani mbele, pua ishuke, unaongeza nguvu ya injini. Nilihitaji sauti ambayo mwili wangu ungeitii kabla ya akili, na mwili wangu tangu utotoni umeamshwa na kitu kimoja tu. Nikaiweka simu kando ya kinu, Mama akatwanga muhogo wake, akaniuliza kama napiga picha unga. Nikasema ndiyo.

Nikamwomba Bazilio spika kubwa iliyokuwa stoo, nikailaza sakafuni, nikaweka nyayo zangu juu yake. Jumapili nzima nilikuwa napandisha na kushusha. Sauti ikizidi, vikombe vinacheza kabatini. Ikipungua, injini inaumeza mchi. Hatimaye nikapata mahali ambapo pigo la kwanza tu lilinifikia miguuni na mkono ukasukuma wenyewe. Kinu cha kweli kinakaa uani, nyuma ya ukuta wa chumba changu, na kikitwangwa sakafu hutikisika vile vile. Nilijua. Ndiyo maana nikataka ahadi.

Jumamosi ikafika. Mama akafunga kilemba, akaenda shambani na jembe lake. Uani pakawa kimya. Saa nane mchana nikavaa spika za masikioni, nikafungua dirisha kwa ajili ya joto, nikaingia mtandaoni.

"Anga Saba Mbili, huyu ni mkaguzi wako," ikasema sauti ya mwanamke, ikiniita kwa jina la ndege yangu. Alikuwa Bi Kuruthumu wa Dar es Salaam, naye, Mungu ambariki, ana sauti nzito kuliko wanaume wengi ninaowajua. "Utatoka Kigoma, utapita juu ya Kasulu, utatua Kibondo. Kioo chako nakiona na chumba chako nakisikia. Ukiinuka kwenye kiti, mtihani umekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bi Kuruthumu."

Niliruka vizuri. Nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli. Ziwa likabaki nyuma, milima ikaja, dumu likalia miguuni kuniarifu kuna ujumbe, nikaujibu. Nikapita juu ya Kasulu, juu ya paa langu mwenyewe kama ramani ingekuwa na paa langu. Nikaifuata barabara nyekundu ya kwenda Makere. Pale Nyarugusu programu imechora miti tu. Umati wote ule, Rigobert na kwaya yake wakiwemo, wamewekewa msitu. Kila nikipita hapo huwa nakasirika.

Baada ya Makere mawingu yakafunga. Kioo kizima kikawa cheupe, na nikajua milima iko humo ndani. Bi Kuruthumu akaniamuru nianze kushuka taratibu kuelekea Kibondo. Nikapunguza nguvu ya injini.

Du.

Pigo likanipata kwenye nyayo. Sikufikiri. Mkono ukasukuma usukani mbele, mwingine ukapeleka nguvu mpaka mwisho. Pua ikashuka.

Du. Du.

Nikasukuma zaidi. Mshale wa kimo ukaanza kuzunguka kwenda chini, nami nikangoja pigo likome, kwa maana ukishapata mwendo onyo hukoma. Halikukoma.

"Panda! Panda!" Rigobert akanguruma.

Mchi unaniambia nishuke, Rigobert ananiambia nipande, na mbele yangu ni weupe mtupu. Nikimtii mmoja, mwingine ananiua. Najua ni programu, najua nimekaa kwenye kiti cha plastiki Kasulu, lakini jasho lilikuwa limeingia machoni. Safari ile ikiishia mlimani, nafasi ya Dar imeishia hapo hapo.

Nikautazama mshale wa mwendo. Ulikuwa juu kabisa, kwenye kijani. Ndege haikuwa na shida yoyote ya mwendo. Ilikuwa inakimbia.

Du. Du. Du.

Mchi ule haukuwa wa spika.

Nikavuta usukani. Kila pigo lililopita miguuni liliniambia nafanya kosa, nitakufa, nisukume tena, nami nikauma meno nikavuta. Rigobert akanguruma mara ya mwisho, akanyamaza. Mawingu yakapasuka kidogo, nikauona mgongo wa kilima ukipita chini yangu karibu mno.

"Anga Saba Mbili," akasema Bi Kuruthumu. "Nani huyo anapiga kelele chumbani kwako?"

"Ni onyo la mlima, Bi Kuruthumu. Nimebadilisha sauti."

"Naona. Na kwa nini umeshuka vile bila kuamriwa?"

Nje kuna nini? Nikageuza shingo bila kuinuka, nikaona kwa dirisha migongo ya wanawake uani kwetu, Mama kati yao akiwa amerudi shambani, vilemba, ungo, na mchi wa Mama ukipanda na kushuka, wawili wakipokezana. Upande wa pili wa uzio, kwa Mzee Havyarimana aliyekuwa akiugua, watu walikuwa wamejaa na turubai linafungwa. Nikaelewa. Mzee amefariki. Kwetu, nyumba yenye maiti haitwangi. Majirani ndio hutwanga na kupika. Kinu kikubwa cha karibu ni cha Mama, na hakuna ahadi duniani ambayo ingemfanya awaambie wafiwa walale njaa. Vilio navyo lazima vilikuwa vimepasua mtaa mzima. Mimi sikuwa nimesikia hata kimoja.

"Anga Saba Mbili, bado uko?"

"Niko."

"Kuna kitu kinagonga huko. Nacho ni nini?"

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Ningeweza kusema ni jirani anajenga. Ningeweza kuukodolea macho mshale wa mwendo mpaka chini. Lakini uwanja wa Kibondo siku hiyo ulikuwa na upepo, na kutua kunataka macho nje, kwenye njia, siyo ndani kwenye mishale. Ndege ikilegea hatua ya mwisho, mchi wa spika utalia katikati ya mchi wa uani, nami sitajua. Na kumwambia ukweli ni kujichongea mwenyewe. Sharti la mwisho lilikuwa linanitazama usoni.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Mzee Havyarimana kwa kufa siku ile, Mungu anisamehe, na alikuwa akinipa miwa tangu nikiwa mdogo.

"Bi Kuruthumu, naghairi kutua," nikasema. "Naomba nipande juu ya mawingu nizunguke."

"Sababu?"

"Kuna msiba jirani, wanawake wanatwanga uani. Na onyo langu la mwendo ni sauti ya mchi. Siwezi kutofautisha." Nilikuwa naongea kwa sauti kubwa, kama ninavyoongea daima, na dirisha lilikuwa wazi, na wakati ule sikuwaza kwamba wa nje watanisikia. "Nimebadilisha sauti kwa sababu sisikii milio myembamba. Nilichomwa sindano za kifua kikuu nikiwa mtoto, zikaniharibu masikio. Sisikii filimbi, sisikii ndege wa mtini, na leo watu wamelia nje ya dirisha langu sikusikia. Bila mchi ule kunyamaza siwezi kutua salama, na siwezi kuinuka kwenda kuwanyamazisha."

Nikazunguka juu ya mawingu, jua likimulika kioo, na mafuta yakipungua.

Du. Du.

Kisha kimya.

Nikasubiri pigo lifuate. Halikufuata. Sakafu ilitulia kabisa chini ya miguu yangu. Nilitaka kugeuka dirishani nikashindwa, maana nilijua nitakutana na uso wa nani.

"Anga Saba Mbili," Bi Kuruthumu akasema polepole. "Kinachogonga kimeacha. Kitaanza tena?"

Ningejuaje? Uani kulikuwa na wanawake wenye watu wa kulisha. Lakini kulikuwa na mtu mmoja pale ambaye sasa alijua.

"Hakitaanza," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Shuka."

Nikashuka. Mawingu yakanimeza, yakanitema, na Kibondo ikawa pale: mabati, miti, na njia ya kutua ikiwa imelala mbele yangu kwa mshazari. Upepo ulikuwa unanisukuma ubavuni. Nikapunguza mwendo, nikanyoosha pua, nikayatoa macho kwenye mishale nikayaweka nje. Njia ikakua. Miti ya mwisho ikapita chini.

Du.

Nyayo zikalipata. Ni spika, au ni mwanamke mmoja amechoka kungoja? Nikikosea nikashusha pua hapo chini bila sababu, nagonga ardhi. Nikikosea nikaacha, nadondoka. Hapakuwa na muda wa kuutafuta mshale. Palikuwa na muda wa kumwamini Mama au kutomwamini.

Nikasukuma.

Pua ikashuka, injini ikapokea nguvu, ndege ikapata mwendo, nami nikaivuta kabla tu ya ardhi. Magurudumu yakagonga, yakaruka, yakagonga tena yakakaa. Nikapiga breki mpaka mguu ukauma. Ilipotulia nikagundua nalia.

"Mbaya hiyo," akasema Bi Kuruthumu. "Ungevunja viti vya nyuma vyote."

"Ndiyo, Bi Kuruthumu."

"Lakini upepo uligeuka, nimeuona. Mwendo ulikuwa umekwisha, na umeuwahi. Kule mlimani nakunyima alama, na unajua kwa nini. Sharti linasema mwombaji awe anasikia milio yote ya tahadhari. Kuna mlio wowote wa ndege leo ambao hukuusikia?"

"Hakuna."

"Basi nitaandika hivyo, na nitaandika jinsi ulivyousikia, na jinsi ulivyoghairi kutua. Kazi unayokwenda kusoma ni ya mtu wa kusema ndege isiondoke. Wengi hawawezi kusema. Jiandae na safari, na hiyo mipangilio yako njoo nayo chuoni."

Akakata. Nilikaa mbele ya kioo, ndege yangu ndogo imesimama Kibondo, na nafasi ni yangu. Nilikuwa nimejiwekea picha ya namna nitakavyoruka na kupiga kelele. Badala yake nikavua spika za masikioni, nikatoka uani kama mtu anayekwenda kuchapwa.

Wanawake walikuwa wamehamia kwa jirani mwingine, Mama Adija, na muhogo wao. Mama alibaki peke yake amekaa kwenye kigoda kando ya kinu, ameupakata mchi kwa mikono miwili ili mtu yeyote asiuguse. Unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi. Alikuwa amelia.

"Tangu lini?" akauliza. Nilimsoma midomo.

"Tangu sindano."

"Yoo." Akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyekubeba kila siku kukupeleka."

"Na nikapona, Mama. Ningekuwa nimekufa."

"Mimi ndiye niliyekubeba," akarudia. Nikachuchumaa mbele yake nikamshika magoti. Nilimpenda na nilimwonea huruma.

Kisha akaninyanyua kidevu ili nimwone vizuri usoni.

"Kwa hiyo zile siku nakuita kutoka huku uani, nakuita mpaka nakauka koo, wewe umenipa mgongo..."

"Nilikuwa sisikii."

"Nami nimewaambia watu wote wa kwaya kwamba Aline ana kiburi." Akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Nimekusengenya bure miaka yote hiyo."

"Nimeshinda, Mama. Naenda Dar kusoma."

Akanitazama kama vile hilo nalo lilikuwa msiba na sherehe kwa pamoja. Hakupiga vigelegele. Labda kwa heshima ya Mzee Havyarimana. Labda alikumbuka kwamba nisingevisikia. Alisimama, akaniashiria niingie ndani, akanisukuma mpaka mlangoni nikiwa sielewi. Nikaingia chumbani. Nikasimama katikati ya sakafu, kandambili nimezivua, nikiutazama ukuta.

Du.

Nikatoka mbio. Alikuwa amesimama mbele ya kinu kitupu, mchi mkononi.

"Hilo umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Basi tangu leo nitakuita hivyo," akasema Mama. "Na usipoitika, nitajua ni kiburi."